Matubwitubwi Mabwenini



Kila muhula mpya wa masomo unapoanza, stendi ya Siakago, hapa kwetu Embu, hujaa masanduku ya bati, magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kamba, na wazazi waliokwisha kuuza ndengu zao, mbuzi wao au muguka wao ili mtoto asirudishwe nyumbani kwa ajili ya karo. Katika harakati za siku hiyo mzazi hukumbuka sare, sabuni, blanketi na pesa za matumizi, na wengi hukumbuka pia kumwombea mwana wao kabla gari halijaondoka. Walakini ni nadra mtu kukumbuka kwamba kijana huyu, aliyelelewa katika boma la watu wachache chini ya kilima cha Kiang'ombe, ambako nyumba na nyumba hutengwa na mashamba ya mtama na vichaka vya miiba, usiku huo atalala kwa mara ya kwanza ndani ya chumba kimoja na makumi ya vijana waliotoka pande zote, akivuta pumzi wanazozitoa, akinywa kwa kikombe walichokinywea, na akicheka nao uso kwa uso mpaka taa zizimwe. Makutano hayo ni sehemu kubwa ya elimu yenyewe, nami sina neno la kuyalaumu. Lakini yapo maradhi ambayo hayangoji jambo jingine ila hilo, na katika hayo nimechagua mamoja ya kuyazungumza leo, kwa sababu tumeyadharau mno.

Nakusudia matubwitubwi, ambayo baadhi yetu huyaita machubwichubwi. Mtu akiyataja, msikilizaji humfikiria mtoto wa chekechea mwenye mashavu mawili yaliyotuna, aliyefungwa kitambaa tangu kidevuni mpaka utosini, ambaye baada ya juma moja au mawili atakuwa akikimbia uwanjani kana kwamba hapakuwa na neno. Na kwa hakika aghalabu hivyo ndivyo yanavyokuwa. Ila yakimkuta kijana wa miaka 18 au 20 huwa na sura nyingine, na habari zilizotoka katika nchi za mbali kwa muda wa miaka ishirini na zaidi zimeonyesha kwamba vijana wa umri huo, wakaao mabwenini, vyuoni, kambini na vizuizini, ndio wanaoandamwa. Sikuja hapa kutangaza kwamba mripuko umetokea Siakago. Nimekuja kusema kwamba tumeandaa kila kitu ambacho mripuko kama huo unakihitaji, na maandalizi ya kuukabili bado hatunayo.

Kwanza na tuyajue maradhi yenyewe. Kirusi cha matubwitubwi hukaa katika mate na katika majimaji ya pua na koo, na huhama kwa mtu kukohoa, kupiga chafya, kusema kwa karibu, kubusu, au kupokezana kikombe, kijiko na chupa. Kikishaingia mwilini hakifanyi haraka: kwa kawaida hupita siku 16 hadi 18, pengine 12 tu na pengine 25, bila ya mtu kujua kwamba amebeba kitu. Kisha huja homa, maumivu ya kichwa na ya viungo, uchovu na kukosa hamu ya chakula. Na baada ya siku moja au mbili tezi za mate zilizo mbele na chini ya masikio huanza kuvimba, upande mmoja au pande zote mbili, hata pembe ya taya ikapotea na ndewe ya sikio ikainuliwa, na kutafuna kukawa adhabu, na kipande cha ndimu au punje ya ukwaju ikaweza kumtoa mtu machozi. La kuzingatiwa sana ni hili, kwamba mgonjwa huanza kuwaambukiza wenziwe siku 2 kabla ya shavu kuvimba, naye huendelea hivyo mpaka siku ya 5 baada ya uvimbe kuanza. Na kwamba takriban mtu mmoja katika kila watano walioambukizwa, pengine zaidi, havimbi kabisa, naye huzunguka kati ya watu akidhani ana mafua ya kawaida, huku akiwagawia maradhi asiyoyajua. Kwa hiyo mwalimu akingoja kuona shavu lililotuna ndipo achukue hadhari, wenzake mgonjwa huwa wamekwisha kuambukizwa.

Hapa kwetu Mbeere pana jambo la kuongezea. Vijana wetu wengi hukaa vijiweni wakitafuna muguka, na shavu la mtafunaji hutuna kwa majani na pipi alizozikusanya, kiasi kwamba uvimbe wa shavu moja haumshtui mtu wa Siakago kama ungemshtua mtu wa mahali pengine. Na kwa kuwa muguka hukausha kinywa, chupa moja ya maji au soda hupita mkono kwa mkono mpaka iishe. Sisemi haya kwa kuushutumu mmea uliosomesha watoto wengi wa sehemu hii, mmea ambao mwaka 2024 ulizua mabishano makubwa baina ya Embu na kaunti za Pwani. Mabishano hayo yana mahali pake. Nasema tu kwamba anayekaa kijiweni na awe na chupa yake.

Haya si mambo mapya duniani. Tabibu wa Kiyunani, Hippocrates, katika karne ya 5 kabla ya kuzaliwa Masihi, aliandika habari za maradhi yaliyotokea katika kisiwa cha Thasos, ambako watu walivimba kandokando ya masikio, upande mmoja au pande zote mbili, wengi wao bila ya kulala kitandani. Na hakusahau kutaja kwamba waliopatikana zaidi walikuwa vijana na wanaume waliokwenda viwanjani kushindana mieleka na kunyoosha viungo, wala hakusahau kutaja kwamba baadhi yao walishikwa na uvimbe wa korodani wenye maumivu makali. Tazameni jinsi jicho la tabibu yule lilivyokuwa kali: aliwaona vijana, akaona makutano yao, akaona na hatari iliyowahusu wao kuliko watoto. Baada yake karne nyingi zilipita, na walioyajua sana maradhi haya wakawa ni wakuu wa majeshi, kwa sababu jeshi ndilo lililokuwa likiwachukua vijana wa mashamba ya mbali, ambao hawakuwahi kuyapata utotoni, na kuwalaza pamoja kambini. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, ni homa kali ya mafua na kisonono tu zilizowapeleka askari wa Marekani hospitalini kwa wingi kuliko matubwitubwi. Mwaka 1934 Claud Johnson na Ernest Goodpasture walithibitisha, huko huko Marekani, kwamba kinachoyaleta ni kirusi kinachopatikana katika mate.

Kisha ikaja chanjo, na habari ya kuja kwake inapendeza kusimuliwa. Usiku mmoja wa mwaka 1963, mtoto wa miaka 5 aitwaye Jeryl Lynn alimwamsha baba yake na kumwambia kwamba koo linamuuma. Na baba yule alikuwa Maurice Hilleman, bingwa wa chanjo ambaye umma haukumjua sana ingawa ulinufaika naye mno. Alimtazama mwanawe, akaona ni matubwitubwi, akamrudisha kitandani, akaenda kuchukua vifaa vyake, akampangusa koo kwa pamba, na kile alichokipata akakihifadhi katika maabara. Kirusi hicho alikidhoofisha kwa kukipitisha mara nyingi katika mayai na katika chembe za vifaranga vya kuku, hata kikapoteza nguvu ya kumfanya mtu augue kikabakiwa na uwezo wa kuufunza mwili kujilinda. Na chanjo iliyotokana nacho ikapewa ruhusa mwaka 1967. Mwaka 1971 iliunganishwa na chanjo za surua na rubella ikawa sindano moja ya maradhi matatu, na hadi leo aina ile ya kirusi inaitwa kwa jina la mtoto yule. Marekani, ambayo hapo kwanza ilikuwa ikiandikisha wagonjwa wapatao 186,000 kila mwaka, mwaka 2003 haikuandikisha hata 300.

Ndipo watu wakadhani kwamba jambo limekwisha. Mwezi wa Desemba 2005 wanafunzi wachache wa chuo kimoja katika jimbo la Iowa walivimba mashavu, na kabla mwaka 2006 haujamalizika wagonjwa walikuwa 6,584, wengi wao wakiwa vijana wa miaka 18 hadi 24, wakaao katika mabweni ya vyuo vya majimbo ya katikati ya nchi ile. Hakuna aliyekufa, nao waliolazwa hospitalini walikuwa 85. Lakini mshangao ulikuwa mkubwa, kwa sababu wengi wa vijana hao walikuwa wamechanjwa dozi zote mbili. Mwaka 2016 na mwaka 2017 wagonjwa walizidi tena 6,000 kwa kila mwaka. Na tangu Septemba 2018 hadi Agosti 2019 maradhi hayo yalizunguka katika vizuizi 57 wanamowekwa wahamiaji, yakawapata watu wazima 898, ambao hawakuwa na uwezo wa kuondoka karibu na mwenzao aliyeugua hata kama wangalitaka.

Wapo waliolichukua jambo hili wakalifanya hoja ya kuipinga chanjo, wakisema: Kama aliyechanjwa naye huugua, chanjo ina faida gani? Insafu inatutaka tujibu kwa hesabu. Dozi moja ya chanjo hii hukinga kwa kadiri ya asilimia 78, na dozi mbili kwa kadiri ya asilimia 88. Basi katika chuo chenye vijana 1,000 waliochanjwa wote mara mbili, hubaki 120 hivi ambao kinga yao haitoshi, na 120 waliokaa pamoja kwa miezi ni kuni za kutosha kuwasha moto. Juu ya hayo, kinga yenyewe hupungua kwa kadiri miaka inavyopita: wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Joseph Lewnard na Yonatan Grad, walieleza mwaka 2018 kwamba hudumu kwa wastani wa miaka 27 hivi, maana yake wengine huipoteza mapema zaidi, nao aliyechanjwa utotoni huingia chuoni akiwa amekwisha kupunguziwa ngao yake bila ya kuambiwa. Ndiyo maana mwaka 2017 kamati inayoishauri serikali ya Marekani juu ya chanjo ilipendekeza kwamba kunapotokea mripuko, walio hatarini wapewe dozi ya tatu. Na hata hao walioambukizwa baada ya kuchanjwa hawakupata shida sawa na wasiochanjwa: katika wanaume waliobaleghe ambao hawakuchanjwa, wanaovimba korodani wanaweza kufika asilimia 30, na katika waliochanjwa ni asilimia 6 au pungufu. Basi anayesema kwamba chanjo haikufanya kazi hajawatazama wale ambao haikuwafikia.

Nimesimama sana Marekani. Sasa na tuvuke bahari twende Uingereza, maana huko ndiko kuna kioo cha kujitazamia sisi. Uingereza ilianza kuwachanja watoto wake kwa sindano ya maradhi matatu mwaka 1988. Miaka sita baadaye, mwezi wa Novemba 1994, kwa kuogopa mripuko wa surua, serikali yake ilipita katika shule zote ikiwachanja watoto wa miaka 5 hadi 16. Lakini sindano waliyochomwa mamilioni ya watoto hao ilikuwa ya surua na rubella peke yake, na ya matubwitubwi haikuwamo, kwa kuwa haikupatikana kwa wingi uliohitajiwa. Surua ilizuiwa kweli. Watoto wale wakakua, wakamaliza shule, wakaingia vyuo vikuu, wakalala mabwenini. Na mwaka 2005 peke yake, Uingereza na Wales ziliandikisha wagonjwa wa matubwitubwi zaidi ya 56,000, na kundi lililoongoza lilikuwa la vijana waliozaliwa katika miaka ya themanini, ambao walikuwa wakubwa mno kuipata chanjo ya 1988 na ambao sindano ya 1994 iliwapita bila ya kuwakinga na maradhi haya.

Na sisi je? Mpango wa chanjo wa taifa letu ulianzishwa mwaka 1980, nao umefanya kazi ambayo wazee waliozika watoto kwa surua na kifaduro wanaijua thamani yake kuliko sisi. Mtoto wa Siakago akipelekwa kliniki hukingwa na kifua kikuu, polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini, nimonia na kuhara, na akitimiza miezi 9, kisha miezi 18, hukingwa na surua na rubella. Matubwitubwi hayamo. Mwezi wa Mei 2016, rubella ilipoingizwa nchini, serikali ilifanya kampeni kubwa iliyokusudia watoto wapatao milioni 19, wa miezi 9 hadi miaka 14, na mabwana na mabibi wa afya walifika mpaka katika shule zilizo mwisho wa barabara za vumbi. Na sindano ile nayo ilikuwa ya maradhi mawili, kama ile ya Uingereza ya mwaka 1994. Waliochanjwa siku zile ni waliozaliwa baina ya 2001 na 2015, na hao ndio wanaojaza sasa mabweni ya shule zetu za upili, na ndio wanaojaza Chuo Kikuu cha Embu, na Chuka, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru.

Sitaki kumtisha mtu kwa kulinganisha vitu visivyolingana. Kule Uingereza watoto wadogo walikuwa wamekwisha kuchanjwa kwa miaka mingi, maradhi yakawa haba, na kwa hiyo vijana wale walikua bila ya kukutana nayo. Hapa kwetu kirusi hakijazuiliwa, na watoto wengi wa miji na vijiji vilivyosongamana huyapata na kuyamaliza kabla ya kubaleghe, na aliyeugua mara moja ni nadra kuugua tena. Lakini nchi haiko sawa yote. Mtoto wa mtaa wa Nairobi ambao mlango unatazamana na mlango hafanani na mtoto wa Evurore anayechunga mbuzi na ndugu zake wawili, ambaye wageni wanaofika bomani kwao huhesabika. Huyu wa pili anaweza kufika miaka 14 au 15 akiwa hajakutana na kirusi hata siku moja, kama vile askari wa mashamba wa zamani. Na mlango wa bweni, au wa kambi ya vijana wa huduma ya taifa kule Gilgil, au wa chuo cha polisi kule Kiganjo, ukawa ndipo mahali pa kwanza pa kukutana nacho, katika umri ambao kukutana nacho ni vibaya zaidi. Sehemu kame za Embu na Meru na Tharaka zimejaa watoto wa namna hiyo, na mashule yetu ya bweni ndiyo yanayowakusanya.

Mtu atauliza kwa nini basi serikali isiongeze tu chanjo ya matubwitubwi juu ya zile mbili za surua na rubella, kesho asubuhi. Swali hili ni la haki, na jibu lake si jepesi. Shirika la Afya Ulimwenguni limezishauri nchi zianze chanjo ya matubwitubwi zikiwa zimekwisha kuimarisha chanjo za surua na rubella, na zikiwa na hakika ya kuwafikia zaidi ya asilimia 80 ya watoto. Na sababu yake ni ya kutafakari. Chanjo ikiwafikia nusu ya watoto, kirusi hupungua bila ya kutoweka, na wale walioachwa nyuma huendelea kukikosa utotoni mpaka wanapokipata ujanani. Kwa hiyo kazi iliyofanywa nusu huwahamishia vijana maradhi yaliyokuwa ya watoto. Hapa Kenya dozi ya kwanza ya surua hupokewa vizuri kiasi, lakini ile ya pili, ya miezi 18, imekuwa ikibaki nyuma kwa miaka, kwa sababu mama huona kwamba mtoto amekwisha kutembea na kusema, na shamba linamngoja, na kliniki iko mbali. Rai yangu ni kwamba mama wa Siakago anayemrudisha mtoto wake kliniki kwa dozi ile ya pili anafanya kazi kubwa kuliko anavyojua, kwani kila mtoto anayerudi huisogeza nchi karibu na siku ambayo itaweza kuiongeza chanjo ya matubwitubwi bila ya kuwadhuru vijana wake. Nchi zaidi ya 120 zimekwisha kuifikia siku hiyo. Haifai tukae tukidhani kwamba ni anasa ya wengine.

Sasa nitasema juu ya jambo ambalo huzungumzwa kwa kunong'ona, nami naomba radhi kwa wazee ikiwa kuna mtoto anayesikiliza, ingawa kwa kweli ningependa kijana asikie. Matubwitubwi yakimpata mwanamume aliyebaleghe yanaweza, juma moja hivi baada ya mashavu kuvimba, kushukia korodani. Huvimba, mara nyingi upande mmoja, zikauma mno, homa ikapanda na kichefuchefu kikaja. Katika korodani zilizovimba hivyo, karibu nusu hupungua ukubwa baadaye. Kutokana na haya imeenea imani kwamba kijana aliyepata matubwitubwi hatazaa kamwe, na imani hiyo imewaletea wengi huzuni isiyo na msingi, kwa sababu ugumba kamili ni nadra, hata kwa waliovimba. Uwezo wa kuzaa huweza kupungua kwa baadhi yao, hasa pale pande zote mbili zilipodhurika, lakini kupungua na kwisha ni mambo mawili. Ubaya wa kunong'ona ni kwamba kijana wa bweni akishikwa na maumivu hayo huona haya kumwambia mwalimu, huona haya zaidi kumwambia muuguzi wa kike, akajifunika blanketi akateseka peke yake, na miaka kumi baadaye, akiwa na mke na hawana mtoto, ukoo mzima ukamgeukia mke kwa maneno na vitendo, ilhali hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mume habari ya ugonjwa wake wa ujana. Nasema kwa moyo wangu wote kwamba hiyo ni dhuluma. Mume na mke waende hospitali pamoja, wapimwe pamoja.

Wasichana nao hawakusamehewa, kwani baadhi yao huvimba mafuko ya mayai na kuumwa na tumbo la chini; na kwa wote, wavulana na wasichana, kirusi kinaweza kufika kwenye utando wa ubongo kikaleta maumivu makali ya kichwa na shingo kukakamaa, jambo linalompata mgonjwa mmoja katika kumi au pungufu, nalo aghalabu hupona lenyewe. Kinachonisikitisha zaidi ni sikio. Mara chache sana matubwitubwi huua usikivu wa sikio moja, ghafla na kwa daima. Na Japani, ambako sindano ya maradhi matatu iliondolewa mwaka 1993 na chanjo ya matubwitubwi ikaachwa kuwa hiari ya mtu, mripuko wa 2015 na 2016 uliwaachia watu zaidi ya 300 kasoro ya kusikia. Huenda wengi wao hawakujua kwamba maradhi ya mashavu yana njia ya kufika huko.

Katika vijiji vingi vya Afrika ya Mashariki wazee walikuwa wakimpeleka mtoto aliyevimba akazunguke mti na kuyaacha maradhi yake pale, na wengine wakimpaka masizi mashavuni. Desturi hizo hazikumdhuru mtoto, na kwa kuwa matubwitubwi hujiondokea yenyewe baada ya juma moja mpaka siku kumi, zilionekana kuwa dawa. Dawa ya kukiua kirusi hiki haipo hata leo, na vidonge vya viuavijasumu ambavyo vijana hununua dukani bila ya cheti havikigusi. Mgonjwa anahitaji kupumzika, maji mengi, chakula laini kama uji na viazi vilivyopondwa, kitambaa cha maji baridi au vuguvugu kwa kadiri anavyopata nafuu, na paracetamol kwa homa na maumivu. Wala si kila shavu lililovimba ni matubwitubwi: jino lililooza, kifua kikuu cha tezi, na hata upungufu wa kinga mwilini huweza kuleta uvimbe ulio jirani na huo, na kwa hiyo uvimbe unaokaa majuma bila ya kupungua uonyeshwe hospitalini, ama hapa Siakago ama Embu mjini. Shingo ikikakamaa, au korodani zikivimba, au sikio likinyamaza, mtu asingoje asubuhi.

Wakuu wa shule, nina neno nanyi. Kunapozuka ugonjwa mabwenini, jambo la kwanza linalofanywa mara nyingi ni kumpa mgonjwa ruhusa ya kwenda nyumbani, naye akapanda matatu yenye watu 14, akashuka stendi, akapanda bodaboda, akafika bomani kwa mjomba ambaye hajawahi kuugua. Na jambo la pili ni kunyamaza, kwa kuogopa kwamba sifa ya shule itaharibika. Yote mawili hueneza. Mgonjwa atengwe pale pale alipo kwa siku 5 tangu uvimbe ulipoanza, katika chumba chenye madirisha, apelekewe chakula na vitabu vyake, na asiandikwe mtoro; afisa wa afya wa wadi apewe habari siku hiyo hiyo; vitanda vitengwe kadiri nafasi inavyoruhusu, na kila mwanafunzi anywe kwa kikombe chake. Mtahiniwa wa kidato cha nne anaweza kufanya mtihani wake akiwa peke yake chumbani, kama wengine wanavyoufanya kila mwaka wakiwa hospitalini. Siku hizo 5 ni chache, lakini kijana hatakubali kulala ikiwa anajua kwamba atakaporudi darasani ataadhibiwa kwa kukosa, au kwamba wenzake watamcheka kwa kupata maradhi ya watoto.

Ama wale wenye uwezo, na hasa wale ambao watoto wao wanajiandaa kwenda kusoma ng'ambo, ambako vyuo vingi vya Marekani hudai cheti cha sindano ya maradhi matatu kabla ya kumsajili mwanafunzi, sindano hiyo hupatikana katika hospitali za binafsi kwa malipo ya mtu mwenyewe. Kijana ambaye hajawahi kuugua huchomwa dozi mbili zinazoachana kwa siku 28 au zaidi, na inafaa aanze mapema, miezi miwili kabla ya safari, ili kinga ipate wakati wa kukaa. Aliyekwisha kuchanjwa surua na rubella katika ile kampeni ya 2016 hazuiwi, maana kuyarudia yale mawili hakumdhuru. Mwenye mimba asichomwe, na anayetarajia kushika mimba angoje mwezi mmoja baada ya sindano. Na ambaye kinga ya mwili wake imedhoofika sana kwa maradhi au kwa dawa azungumze kwanza na daktari wake, kwa sababu kirusi kilichomo ndani ya chanjo hii ni hai, ingawa kimedhoofishwa.